Mashuka Yaliyofunika Betri

Mtunza bustani wa bweni la shule aliitwa Bwana Taratibu, kwa sababu hata salamu aliijibu baada ya kuitafuna kwanza. Kazi yake ilikuwa kulima mboga za jikoni kwa pawatila, ile mashine ya kulimia yenye magurudumu mawili, ambayo mtu huishika mikono na kutembea nyuma yake. Mashine ilikuwa nzima. Betri yake ndiyo iliyokuwa na deko.

Banda la mashine lilipakana ukuta mmoja na chumba cha kufulia, na humo alitawala shemeji yake, mdogo wa mke wake, mwanamke wa maneno mengi aliyeitwa Povu. Kazi ile alitafutiwa na Bwana Taratibu. Ndiyo mara pekee aliyowahi kuingia ofisini kwa matroni kuomba kitu.

"Shemeji," Povu alizoea kumtania kupitia dirishani, "leo umeshasema maneno mangapi? Mawili? Pumzika basi, usije ukaumwa koo."

Naye alicheka bila sauti, akaendelea na kazi.

Asubuhi moja betri ilikataa kabisa. Akaiunganisha na chaja, akafungua vifuniko vyake, akaijaza maji mpaka pomoni, akiamini kwamba ikishiba itafanya kazi zaidi. Banda lilijaa vumbi. Ili lisiingie kwenye vitundu, akanyoosha mkono kupitia dirishani kwenye kapu la nguo chafu la Povu, akatoa mashuka ya wanafunzi na kuifunika betri kama mtoto mwenye homa. Si machafu? alijiambia. Yatafuliwa tu. Jioni aliyarudisha kapuni, hayana hata doa jipya.

Yalipofuliwa mwanzo wa juma, yalianikwa kambani yakiwa matundu matupu, kama chujio.

"Umemwaga dawa ya kung'arishia bila kupima," matroni alimwambia Povu mbele ya wapishi. "Mashuka mapya! Mwisho wa juma tutazungumza vizuri."

Wote pale walijua kwamba matroni akisema "tutazungumza vizuri," mtu hufunga virago. Povu aliapa mpaka sauti ikamkauka, hakuna aliyemsikiliza. Bwana Taratibu alisikitika kama wengine. Wakati huo hakujua.

Alijua nyumbani, jioni ileile. Mke wake aliitoa suruali yake ya kazi kwenye beseni, akaiinua kwenye mwanga. Magotini, pale alipopiga magoti kando ya betri, palikuwa na matundu yaleyale madogo, yenye kingo laini kama karatasi iliyolowa.

"Baba watoto, na hii nayo ni dawa ya kung'arishia?" mke aliuliza. "Mimi natumia sabuni ya kipande. Au nyumba hii ina panya wanaopenda magoti?"

Aliichukua suruali, akaificha kwenye mfuko wa rambo.

Kesho yake alipita kwa fundi wa betri, akauliza kana kwamba ni habari za mtu mwingine.

"Huyo mtu wako alijaza kupita alama," fundi alisema. "Betri ikichajiwa inachemka, na ikijaa sana inatema asidi. Kitambaa kinainywa kimya kimya, huoni kitu mpaka ukifue. Halafu kuifunika! Inapumua hewa inayolipuka kwa cheche moja. Mwambie ashukuru kilichoungua ni shuka, si uso wake."

"Nitamwambia."

"Mwambie leo," fundi alisema, akimtazama zaidi ya ilivyohitajika.

Alirudi na nia ya kusema, lakini kila alipofika mlango wa kufulia ulimi uligoma. Povu hakutania tena. Alifua ameinama, machozi yakidondokea povu la sabuni. Mara moja aliinua kichwa.

"Shemeji, wewe uliyeniombea kazi, unaamini niliyaharibu?"

"Hapana," alisema. Ulikuwa ukweli mtupu, na ulimchoma kuliko uongo.

Mwisho wa juma Povu aliitwa. Kupitia dirishani Bwana Taratibu alimwona akiikunja aproni yake pole pole, kona kwa kona, kama mtu asiyetarajia kuivaa tena. Hapo ndipo miguu ilipokubali kwenda. Akaitoa suruali kwenye mfuko wa rambo alimokuwa ameificha, akamfuata Povu mpaka ofisini, akaingia bila hodi, akaitandaza mezani kando ya shuka moja lenye matundu lililowekwa hapo.

"Nini hii?" matroni alishtuka.

"Yangu. Niliifunika betri kwa mashuka. Ni asidi. Yeye hana kosa."

"Umejua tangu lini?"

Angeweza kusema tangu jana. "Tangu juma lianze," alisema.

Matroni aliyalinganisha matundu ya suruali na ya shuka, kisha akashusha pumzi. "Povu, rudi kazini kwako. Na samahani. Wewe nipe funguo za banda, mpaka unionyeshe kwamba unajua kuitunza hiyo betri."

Nje, Povu alisimama mbele yake. "Juma zima, shemeji. Juma zima ulinitazama nikilia." Hapakuwa na utani wowote.

Siku ya kuonyesha, matroni alisimama mlangoni. Bwana Taratibu alifungua madirisha yote, akavaa miwani na glavu za mpira. Alizima chaja kabla ya kugusa waya zake. Kwenye betri alianza kufungua waya wa hasi, kisha wa chanya. Alifuta ukungu mweupe kwa maji yenye magadi, vifuniko vikiwa vimefungwa. Akaongeza maji safi ya betri, mpaka kwenye alama tu. Kurudisha waya, chanya kwanza, hasi mwisho. Kila hatua aliisema kwa sauti, maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima. Alijua nani anasikiliza nyuma ya ukuta.

Matroni alimrudishia funguo na kuondoka. Kisha kitu kikatupwa kupitia dirishani, kikaangukia miguuni pake: yale mashuka yenye matundu, yamechanwachanwa kuwa matambara.

"Ya kufutia," Povu alisema. "Kapu langu usiliguse."

Aliyaokota, akasubiri Povu amalizie na "shemeji" kama kawaida yake.

Dirisha lilifungwa.