Sauti ya kaka Deo kwenye simu ya kadi, Nyaishozi

Wakuu, habari za mchana. Hili sikuwahi kulisimulia mama akiwa hai, na sitalitia chumvi.

Miaka ile simu za mkononi hazijafika kwetu, pale senta Nyaishozi waliweka simu ya kadi pembeni ya duka. Ilikuwa na huduma ya voice message: kila familia ina namba yake, ndugu wa mbali anapiga anaacha sauti, nyie mnakuja kuisikiliza.

(Vijana msicheke. Baada ya misa ilikuwa foleni.)

Kaka yangu Deo alikuwa machimboni Geita. Kifusi kikamfunika, akaletwa kwenye jeneza, tukamzika kwenye kibanja, katikati ya migomba.

Baba hakulia. Alisimama tu, akashukuru watu.

Mama hakumsamehe kwa hilo. Wakawa wanakaa nyumba moja bila kusemezana, mpaka mama akaanza kufunga nguo arudi kwao Kaisho.

Jumapili moja akataka kusikia tena sauti za zamani za Deo. Nikamsindikiza.

Mashine ikasema kuna ujumbe mpya, umepokelewa leo asubuhi.

Tukabananisha masikio kwenye mkonga wa simu. Sauti ilisema kwa Kinyambo, lugha yetu, nawatafsiria:

"Mama, mwambie baba anyamaze. Namsikia."

Alikuwa Deo, na kile kigugumizi chake kwenye neno baba. Nyuma yake mwanaume mtu mzima alikuwa analia, kwa mbali, kama aliyejiziba mdomo.

Mwenye duka akasema ni network tu, ujumbe huwa unachelewa. Mama akarudisha mkonga mahali pake.

Tukarudi nyumbani. Baba alikuwa kwenye mibuni, karibu na kaburi la Deo. Mama akamfuata, mara ya kwanza tangu msiba, akamweleza neno kwa neno.

Baba akakaa chini kwenye majani makavu. Akasema taratibu, "Nalia hapa kila asubuhi mkishatoka. Nilijua hakuna anayesikia."

Mama akakaa pembeni yake. Kaisho hakwenda tena.

Tuliporudi kusikiliza, ujumbe haukuwepo. Baadaye simu yenyewe iling'olewa.

Nilichojifunza ni kwamba uchungu wa mtu haupimwi kwa machozi unayoyaona.

Ila wakuu mliofanya kazi na mitambo hiyo, nielewesheni kidogo. Sauti ya baba iliingiaje mle, wakati kwenye mibuni hapakuwa na simu?