Aliyebashiri Mipira Akaficha Bahasha

Shemeji yangu amefariki. Habari ilinikuta Jumanne asubuhi kazini, nimeshika ncha mbili za shuka la hoteli, mwenzangu kashika mbili nyingine, tunakunja. Mke wangu akasema kwenye simu, "Mume wangu, kaa chini kwanza," nami nikajua. Sikukaa. Nilimaliza lile shuka, na lililofuata, na lililofuata, maana ile mashine ya kupigia pasi haimngoji mtu. Pale mdomoni mwa mashine, mahali alipokuwa anasimama shemeji miaka yote, alikuwa amesimama mtu mwingine ambaye hata hakujua ninalia nini. Wasomaji wangu wa gazeti hili mnanijua, mimi si mtu wa maneno matamu. Shule niliacha darasa la tano, na koma hizi mnazoziona anazipanga mhariri. Safari hii nimemwomba apange koma tu, mengine aniachie yalivyo.

Namwita shemeji ingawa hatuna undugu wa damu. Ni mtu wa Tabora kama mke wangu, na siku ya kwanza walipokutana hapa London, mke wangu alimwita kaka, basi mimi nikapata shemeji bila kulipa mahari ya pili, kama alivyopenda kunitania. Tulifanya kazi pamoja kwenye kiwanda kikubwa cha udobi kinachofua shuka za mahoteli. Mtashangaa nikisema kwamba urafiki wetu ulikomaa kwenye besiboli, mchezo ambao hata sasa siujui vizuri. Kulikuwa na kijana wa Venezuela upande wa mashine za kufulia, na Jumapili alikuwa anacheza na timu yake kwenye bustani moja huku kusini mwa jiji. Alitualika mara moja kwa heshima, sisi tukaenda kwa heshima, tukarudi Jumapili iliyofuata kwa sababu kulikuwa na kilima cha nyasi kizuri cha kukalia. Tulikuwa watatu: mimi, shemeji, na jirani yake wa jengo moja kule Peckham, Mkenya wa Nakuru anayeendesha basi. Tunatandika blanketi, chupa ya chai, chapati za mke wangu, na chini yetu watu wazima wanarushiana mpira mdogo mweupe na kuupiga kwa rungu.

Siku hiyo ya pili alisimama kupiga mtu mmoja mwembamba mwenye miwani minene. Alikuwa amekosa kila mpira tangu wiki iliyotangulia. Shemeji akavua kofia, akaiweka gotini, akasema, "Shemeji, huyu anaupeleka ng'ambo ya uzio."

"Huyu? Huyu ambaye rungu lenyewe limemzidi uzito?"

"Imenijia tu. Tazama."

Wallahi, mpira uliofuata ulipaa ukavuka uzio, ukatua juu ya paa la gari la kuuzia aiskrimu, na muuza aiskrimu akatoka na kijiko mkononi akitafuta wa kumtukana. Dereva wetu aliinuka na chapati mdomoni. "Wee! Huyu mzee ni mganga! Kumbe tunakaa na mganga na hatujui!" Wiki mbili baadaye shemeji akatuambia tuhamishe blanketi, hapapendi pale. Tulilalamika, tukahama. Haikupita robo saa, mpira mmoja ukaja kasi ukachimba nyasi pale pale kilipokuwa kichwa changu. Kuanzia hapo imani ikakamilika. Akivua kofia tunanyamaza. Hata Mvenezuela akawa anatazama juu kilimani kabla hajaingia kupiga.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye matanga hakuna aliyetaka kulisikia. Nilikaa karibu naye kila Jumapili, na ninajua ni mara ngapi kofia ilivuliwa na hakikutokea kitu. Nyingi. Alimtabiria makuu hata mzee mmoja aliyekuja kuanguka kabla ya kukifikia kituo cha kwanza wanachokimbilia. Tulicheka, tukamimina chai, tukasahau. Chini pale kulikuwa na ubao wa matokeo wa kupachika namba kwa mkono, na mimi niliuliza zile namba tatu za mwisho za kila timu ni za nini. Mvenezuela akanieleza: ya kwanza ni alama walizopata, ya pili ni mapigo mazuri, ya tatu ni makosa. Makosa, ubaoni, kila mtu anasoma! Mtu akiangusha mpira rahisi, inapachikwa namba, na mechi inaendelea. Nilistaajabu sana. Sisi kazini makosa yanaandikwa ya wafagiaji na wakunja shuka tu, msimamizi hana ubao wake. Na sisi wenyewe kwa wenyewe, watu tuliotoka mbali, hatuandiki kosa hata moja. Tunahesabu yaliyotimia. Ndiyo maana leo nataka kuandika hiyo namba ya tatu, na atakayekasirika akasirike.

Kiangazi cha mwaka juzi tulipata bahasha za idara ya afya, mimi na shemeji, wiki moja, kwa kuwa umri wetu ni mmoja. Mnazijua. Ndani kuna kichupa kidogo cha plastiki, kifuniko chake kina kijiti, unachokoa haja yako kidogo, unafunga, unaitia posta, wao wanatazama kama tumboni kuna saratani iliyojificha. Tulipoitaja kilimani, dereva nusura apaliwe. "Yaani serikali imekosa kazi kabisa, sasa inataka tuwatumie mavi kwa posta? Na postamani je, yeye amekosea nini?" Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Namwandika dereva hapo, kosa moja. Najiandika na mimi, kwa sababu nilicheka kuliko wote. Lakini dereva alipokwenda kununua aiskrimu, shemeji alinigeukia, kofia iko gotini, wala hacheki.

"Shemeji, yako itume."

"Kwa nini?"

"Imenijia vibaya. Itume kesho."

"Na yako?"

"Yangu haina neno. Mimi mzima, imenijia hivyo hivyo."

Nilituma, mke wangu amesimama mlangoni kama askari. Barua ikarudi wakinitaka hospitali, wakaniingizia kamera, wakakuta uvimbe, wakaukata pamoja na kipande cha utumbo. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, mazungumzo yangekuwa mengine. Kwa hiyo mimi ninayeandika hapa ni mtu aliyepona, na kila baada ya miezi kadhaa ninarudi kuchunguzwa, na wiki nzima kabla ya siku hiyo siwezi kumeza chakula. Shemeji alikuja wodini na uji wa ulezi. "Nilikwambia," akasema, uso umejaa furaha. Nikamshika mkono mbele ya wauguzi, nikasema huyu ndiye aliyeniokoa. Nilisema kanisani, nilisema kazini, nilisema kwenye harusi za watu. Mimi ndiye niliyemjengea kile kiti cha unabii na kumkalisha juu yake. Baada ya hapo nani angemwambia kwamba hisia yake kuhusu nafsi yake inaweza kukosea? Andika hiyo, mhariri, iandike kwa herufi kubwa kama unaweza.

Bahasha yake ilipatikana wiki ile ile aliyofariki, binti yake alipokuwa anatafuta pasipoti ya baba ili akaandikishe kifo. Ilikuwa ndani ya buti la baridi, haijafunguliwa. Huyu binti ndiye macho ya nyumba ile. Barua za manispaa, za gesi, za kazi, zote anasoma yeye na kumweleza baba yake, tangu yuko shule ya msingi. Ile moja tu alifichwa. Shemeji aliniambia siku za mwisho, sauti imeshakwisha: "Ningemwambiaje mtoto wa kike anisomee habari za choo changu?" Nyinyi mnaoishi hapa mnalielewa hilo bila kuelezwa. Tumewafanya watoto wetu makarani wetu, halafu tunawaficha karatasi ile moja inayohusu uhai wetu, kwa aibu. Binti aliniuliza kwa Kiingereza chake cha hapa, buti liko mapajani, kwa nini baba hakumwonyesha tu.

Damu ilipoanza kuonekana chooni alikaa kimya miezi. Alipokwenda kwa daktari hatimaye akapewa siku ya kamera, na msimamizi wetu wa zamu ya asubuhi akamwambia hoteli zimejaa, atafute siku nyingine. Simtaji jina. Ni mwenzetu, na mke wake hulisoma gazeti hili, basi amsomee. Najua atasema shemeji mwenyewe alikubali. Ndiyo, alikubali, tena upesi, kwa sababu alikuwa anaogopa na wewe, msimamizi, ukampa mlango wa kukimbilia. Siku nyingine ilikuja baada ya wiki nyingi. Walipotazama, walikuta ugonjwa umeshasambaa.

Wazo hili nimekaa nalo mchana kutwa: nikisema hisia zake zilikuwa upuuzi, nimemkana mtu aliyenipa uhai. Nikisema zilikuwa za kweli, basi zilimuua. Nimezunguka hapo kama mtu aliyepotea njia, mpaka nikamkumbuka alivyokuwa anatazama. Kabla ya kutuhamisha na blanketi, mpigaji mmoja wa mkono wa kushoto alikuwa keshapiga mara mbili upande wetu. Sisi tulikuwa tunagawana chapati, yeye aliona. Na mimi je? Kiangazi kile nilikuwa nimetoboa tundu jipya kwenye mkanda. Nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda choo mara tatu katika zamu moja, na anayeshika nafasi yangu kwenye shuka nikienda ni yeye. Alikuwa anajua. Pengine hata yeye hakujua kwamba anajua, aliona tu ikaja ikamkaa moyoni, akavua kofia. Alikuwa na macho, jamani. Macho yake yalikuwa juu ya wengine. Nani alikuwa na macho juu yake? Alipopungua, nilimwambia, tena kwa sauti ya kusifu, "Shemeji, umependeza, umerudi ujana!" Akacheka, akavuta suruali juu. Hilo kosa sijui niliandike ubao gani.

Matanga yalikuwa Jumamosi mchana, kwake Peckham, watu wamejaa mpaka ngazini. Kila mtu na hadithi yake: alinitabiria kazi, alinitabiria mtoto wa kiume. Dereva wetu alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, kana kwamba kochi lina moto. Akasema, "Mimi aliniambia nitafika miaka tisini. Pale pale kwenye nyasi. Akavua kofia na kila kitu." Watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Mimi nilimtazama. Koti lake la basi lilikuwa linamning'inia mabegani. Wakati wa maombi alikuwa ametoka mara mbili.

Nikamvuta hadi koridoni. "Bahasha yako iko wapi?"

"Bahasha gani?"

"Usinichezee."

"Wacha hizo, mzee. Leo ni matanga."

"Ndiyo maana nakuuliza leo."

Alinitazama kwa hasira, kisha hasira ikamwishia, akabaki mtu mwenye hofu tu. "Iko kwangu, ghorofa ya juu," akasema. "Wamenitumia mara mbili."

Tulipanda kwake. Ilikuwa juu ya friji, nyuma ya boksi la uji. Akaingia nayo chooni, mimi nikasimama nje ya mlango, na suti yangu nyeusi ya msiba.

"Mzee, uko hapo?"

"Niko."

"Usiende."

"Siendi."

"Tarehe naandika wapi?"

"Ubavuni mwa kichupa, penye karatasi nyeupe."

Chini tulisikia watu wakianza wimbo. Kisha sauti yake ikaja ndogo sana, si ile ya kilimani. "Na wewe, mzee, inakujia vipi? Niambie ukweli. Iko sawa?"

"Hainijii kitu. Naona suruali yako imelegea, basi. Maliza, twende tukaitie posta kabla barua hazijachukuliwa."

Tuliitia pamoja kwenye lile sanduku jekundu la pembeni mwa barabara, na baada ya hapo alibaki ameshika mdomo wa sanduku kana kwamba anataka kuirudisha. Leo ni siku ya tisa. Kila asubuhi kabla hajapanda basi lake ananipigia, "Imekuja?" utadhani barua yake italetwa kwangu. Na mimi kila asubuhi nashtuka simu inapolia. Ninachowaomba wasomaji ni kidogo. Mtazame anayekunja shuka na wewe, anayekaa nawe kibarazani, anayesali safu moja na wewe. Ukiona amepungua, usimwambie amependeza. Mwambie umeona, hata kama mnapaswa kuongea habari za choo, hata kama ni baba yako, hata kama ni siku ya msiba. Mwache akukasirikie. Barua ya dereva haijaja bado. Sijui itakuja na habari gani, na safari hii sitaki kumsikia mtu yeyote anayesema anajua.