Uzi wa Kebo ya Breki

Watu wakija kunisalimia baada ya onyesho, iwe Paris au Tokyo, huniuliza kwa nini nalegeza uzi mwembamba wa fidla kabla hata sijafuta jasho. Nawajibu ni mazoea tu. Mwongo mkubwa mimi!

Uongo wangu niliuanza Bujumbura, miaka ya vita, wakati mipaka imefungwa na vitu haviingii. Parokia iliyotufundisha muziki ilibaki na fidla moja nzima na wanafunzi wawili: mimi, binti wa mtumishi wa serikali wa mtaa wa Kigobe, na rafiki yangu wa mtaa wa Kamenge, mtoto wa fundi baiskeli. Uzi mwembamba ulipokatika, tulizunguka maduka yote ya mtaa wa biashara wa Asiatique, wapi! Baba yake akafumua kebo ya breki, akachomoa waya mmoja, akausugua kwa mafuta, akatufungia. Ulilia vizuri, jamani. Ila akatuonya: "Hii chuma haipendi kukazwa mingi. Mwenye kumaliza kupiga, alegeze." Ikawa sheria yetu.

Kisha akaja mgeni kutoka Ubelgiji kuchagua mwanafunzi wa kwenda kusoma kwao. Mmoja tu. Na rafiki yangu alinizidi, tena mbali. Mimi nilipiga kwa bidii. Yeye akipiga, ulisahau kama kuna vita. Nilimpenda, na nilimwonea wivu.

Siku ya mtihani, askari waliifunga barabara ya Kamenge tangu alfajiri. Mimi nikapiga saa nne, vizuri, si zaidi. Nilipomaliza nikashika kigingi cha kukazia uzi, nilegeze. Msinitetee kwamba nilikuwa mtoto, nilipitiwa. Nilikumbuka vizuri sana, nikaondoa mkono. Nikailaza fidla kitini karibu na dirisha, jua linaipiga, uzi umekazwa vilevile.

Alifika saa nane, kwa miguu, viatu mkononi, baada ya kuwabembeleza askari wa vizuizi vitatu. Mgeni alikuwa bado anamsubiri. Akaichukua fidla, akagusa nyuzi, akashangaa.

"Umeshanikazia? Ee dada, asante."

"Si kitu," nikamwambia.

Hakumaliza hata ukurasa wa kwanza. Pa! Uzi ukakatika, ukamchana shavu. Akasimama pale na upinde mkononi, anamtazama mgeni, na mgeni anatazama saa. Hakukuwa na uzi mwingine. Nikachaguliwa mimi.

Wiki ya safari, baba yake alikuja kwetu Kigobe, kofia mkononi. Nikajua leo nimeumbuka. Ilikuwa mara ya mwisho kumwona, maana baadaye mtaa wao ulihamwa, na hadi leo sijui yeye na binti yake waliishia wapi.

"Mwanangu, unisamehe," akasema. "Ile waya yangu ilikuwa mubaya. Mi mwenyewe ndo nilivunja bahati ya mutoto wangu. Sitaki na we upate haya huko."

Akanipa karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na waya mpya. Alikuwa ameutundikia tofali siku tatu kuujaribu.

Neno moja tu lingemtua mzigo yule mzee. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikapokea kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa, nikasema, "Asante, baba."