Meno Mapya ya Mke Wangu Yalinitia Wivu, Nikamponza Mtu Asiye na Kosa

Jina langu sitalitaja, mtanisamehe. Kosa ni langu mwenyewe, sikusukumwa na mtu, na mpaka leo mke wangu wa ujana hakai kwangu kwa sababu ya kosa hilo.

Ilikuwa miaka ya Emajensi, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Tulitolewa mashambani kwetu tukajazwa katika kijiji kimoja karibu na Githongo, handaki limezunguka pande zote. Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kahawa. Mama Kinya, mke wangu, alifundisha darasa la kwanza. Siku moja tukichimba lile handaki kwa lazima, mpini wa sururu ya jirani ulimpiga mdomoni. Meno mawili ya mbele, ya juu, yakavunjika.

Hospitali ya misheni ikamng'oa vipande vilivyobaki, baadaye ikamtengenezea meno mawili ya bandia, yaliyoshikizwa kwenye bamba la kuvaa na kuvua. Aliyemhudumia alikuwa dresa wa meno, msaidizi wa daktari, kijana Muembu aliyeitwa Njeru, msafi, mpole wa maneno. Kila alipotakiwa kurudi yapimwe tena, mimi ndiye niliyemwombea pasi ya kutoka kijijini kwa hedimani, mkuu wetu aliyewekwa na serikali. Alikwenda mara nne. Nilikuwa nahesabu.

Halafu mke wangu akabadilika. Zamani aliongea haraka. Sasa anapima kila neno. Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Githeri, mahindi na maharagwe yetu, anaitafuna upande mmoja, polepole, macho yako mbali, ulimi unatembea ndani ya shavu. Asubuhi anasimama mbele ya kioo changu cha kunyolea, anatabasamu, anafunga mdomo, anatabasamu tena.

Nikimuuliza ananijibu, "Bado nazoea."

Nikajiambia, anazoea nini huyu, kama si mwanamume?

Alasiri moja nilitoka kazini mapema nikamsikia nyuma ya nyumba. Alikuwa peke yake, amenipa mgongo, ananong'ona: "Nisubiri sokoni saa sita. Nisubiri sokoni saa sita." Anarudia na kurudia, kama mtu anayekariri ujumbe asiusahau.

Sikumuuliza neno. Nilikwenda moja kwa moja kwa hedimani nikamwambia nimesikia yule dresa Muembu anapeleka dawa msituni. Basi. Siku zile maneno hayo yalitosha.

Homugadi, wale walinzi wa serikali pale kijijini, walimchukua wiki hiyo hiyo.

Mama Kinya hakujua. Alikwenda hospitalini kwa kuwa meno yalikuwa yanamkwaruza ufizi, akarudi na kidonda chake. Akaniambia Njeru amekamatwa, na hakuna mwingine pale anayejua kulisugua lile bamba likae sawa. Akalia. Mimi, kwa wivu wangu, nikayachukua machozi yale kuwa ushahidi. Nikamuuliza, saa sita sokoni alikuwa anamwambia nani amsubiri?

Akatoa kitabu cha kusomea cha watoto wake wa darasani, akafungua ukurasa na kuniwekea kidole. Maneno yalikuwa pale, chini ya picha ya wasichana wawili na vikapu.

Akanieleza kwamba bamba lilikuwa limemfunika kaakaa, kila akitamka S inatoka mluzi, na watoto darasani walikuwa wanamcheka. Njeru alimwambia mdomo ukiwekewa kitu kipya huwa mgeni kwa muda, asome kwa sauti kila siku mpaka ulimi ujue njia.

"Niliona haya unisikie nikipiga mluzi," akasema. "Nilitaka unisikie nikishakuwa sawa."

Hapo ndipo ningeungama. Nikanyamaza. Niliogopa kurudi kwa hedimani kusema nilidanganya, kwa sababu waliodanganya nao walikuwa wanachukuliwa.

Njeru alikaa kizuizini miaka miwili na zaidi. Emajensi ilipolegea nilikutana naye mjini Meru, amekonda, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Alinivulia kofia. Baada ya salamu akaniuliza, "Mwalimu alizoea yale meno? Nilichukuliwa kabla sijamsawazishia upande wa kushoto."

Nikamjibu kwamba alizoea. Ole wangu, nikamshika ule mkono nikamuaga.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama Kinya yote. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakunitukana. Alisema tu, "Kwa hiyo ulikwenda kwa hedimani kabla ya kuja kwangu." Kesho yake alimchukua mtoto wetu Kinya wakaenda kwa kaka yake Timau. Akapata shule huko. Hajarudi.

Njeru naye nilisikia alihamia pande za Gachoka, kazi ya meno ameacha kwa ajili ya ule mkono. Kila mwaka nasema nitakwenda. Sijakwenda. Njeru, kama gazeti hili linakufikia, aliyekusema ni mimi.

Na wewe unayemchunguza mwenzako anavyocheka na anavyotafuna, ukijitungia hadithi kichwani, muulize yeye kwanza. Wangu alikuwa hatua kumi tu kutoka niliposimama. Nikampita.