Kiatu cha Bibi Kwenye Debe la Mahindi

Wiki iliyopita, huko Lupembe, nilimwona mtoto mlangoni aking'ang'ania kitenge cha bibi yake, na puani ukanirudia moshi wa kuni za paini.

Mchana ule wa utotoni ukungu ulikuwa haujaondoka. Bibi yangu alikuwa jikoni akimenya viazi gari liliposimama uani, injini haikuzimwa. Wanaume wawili waliovaa makoti wakaingia bila hodi.

"Kamwene, mama," mmoja alisalimia. "Tumekuja kukuchukua."

Bibi aliweka kisu chini. Hakuuliza waendako. Kwa akili zangu za miaka saba, nilijua kwamba watu wanaochukuliwa hivyo hawarudi. Nikakimbia kuficha kiatu chake kimoja kwenye debe la mahindi, maana bibi hakuwahi kutoka nyumbani pekupeku.

Siku hiyo alitoka. Nyayo zake zikabaki kwenye tope, zikaishia pale gari lilipokuwa, nami nikakaa kando ya nyayo hizo.

Sasa najua. Bibi alikuwa mjumbe wa chama, na kesho yake walikuwa wanapiga kura ya kumpata mgombea udiwani. Wajumbe walifichwa gesti moja Makambako, wakala pilau, ili mshindani wa aliyewaficha asiwafikie na kununua kura zao. Alirudi salama, miguu imepasuka kwa baridi.

"Mnampeleka wapi?" mtoto wa Lupembe aliniuliza. Gari letu la kuwachukua wajumbe lilikuwa linaunguruma nje.

"Bibi anarudi kesho," nilimjibu, kisha nikainama kutafuta kiatu cha pili cha bibi yake.