Wimbo wa Mwalimu Uliokosa Sauti ya Nne

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane, huandika polepole, na wiki hii mkono umekuwa mzito zaidi. Mwalimu wetu wa kwaya hapa Chaka amefariki. Tulimzika Alhamisi, mvua ikinyesha.

Alikuwa fundi wa viatu sokoni, na kazi yake nyingine ilikuwa kutunga nyimbo za kukaribisha wakubwa. Askofu akija, alitunga. Chifu akihamishwa, alitunga. Wimbo uliimbwa mara moja, mgeni akapiga makofi, akaenda kula, basi. Padri mmoja mzee aliwahi kumweleza kwamba zamani huko Ulaya kulikuwa na mtunzi wa mfalme mmoja mdogo, aliyetakiwa kuleta wimbo mpya kila Jumapili. Alipokufa, karatasi zake zilitumiwa kufungia siagi. Mwalimu alicheka sana. "Huyo ni mimi kabisa! Ni vile tu yeye alikula kwa mfalme, mimi nakula githeri baridi, mahindi na maharagwe tu."

Hofu yake kubwa ilikuwa kuibiwa nyimbo na kwaya za jirani. Kwa hiyo kila sauti ilipewa karatasi yake peke yake, yenye do-re-mi zake tu, na nakala nzima aliichoma jikoni. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alimuuliza, "Na ukikufa, Mwalimu?"

"Si mko na karatasi?"

"Na mmoja akihama?"

"Utamfuata, mama. Si uko na miguu?"

Tukacheka, hata mimi ambaye huwa sisemi kitu mazoezini.

Wimbo mmoja tu hakumtungia mkubwa yeyote. Aliutunga mkewe alipofariki, akaomba naye tumwimbie huo siku yake ikifika. Basi Alhamisi tukauanza. Sauti ya kwanza ilikuwepo, ya pili pia, na mimi niko ya tatu. Sauti ya nne ilikuwa ya ndugu wawili waliohama zamani. Katikati ya wimbo kuna mahali ambapo sisi wengine tunanyamaza na sauti ya nne inaenda peke yake. Tulipofika hapo tukanyamaza. Ilisikika mvua tu juu ya miavuli. Binti wa Mwalimu akanigeukia, akaniambia kwa upole, "Endeleeni, basi." Hatukuwa na la kuendelea nalo.

Tangu siku hiyo nawaza jinsi tunavyoficha kazi zetu hapa kwetu. Fundi haonyeshi vipimo vyake, mkulima hasemi mbegu aliitoa wapi. Tunaogopa mwizi, na mwizi hata haji. Afadhali Mwalimu angeibiwa. Leo ningepanda gari kwenda kwa hao wezi kuwaomba watuimbie.

Nasikia mmoja wa wale ndugu yuko Sagana. Kama ni wewe unayesoma, au unamjua, tafadhali niandikie kupitia ukurasa huu. Kama karatasi imepotea, andika unachokumbuka, hata kama ni mstari mmoja na huna hakika nao. Binti wa Mwalimu ameniuliza tena leo kama sauti ya nne imepatikana, nami nimemwambia angoje kidogo.