Yai la Pangoni

Alasiri moja kule Vitongoji nilifuatana na mwalimu wa chuo cha Kurani na binti yake mdogo. Tulipopita penye pango ambalo baadhi ya watu huenda kutambika, binti aliingia, akatoka na yai mkononi.

"Lirejeshe," alisema baba yake.

"Si ulinambia ni haramu kuomba humu?"

"Sisi tunamuomba Mwenyezi Mungu peke yake, mwanangu. Lakini hilo lina mwenyewe, na kaliweka kwa imani yake."

Wakaingia pamoja, nami nikasimama mlangoni. Hapakuwa na mtu, ila chetezo kilikuwa bado kinafuka ubani. Binti aliliweka yai taratibu juu ya jani.

"Ahsante, mjukuu wangu," ilisema sauti ya kizee kutoka pembeni, ambako sote tuliona jiwe tupu.

Binti alimtazama baba yake. Mwalimu alimshika mkono bintiye.

"Mwamkie," alimwambia kwa upole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Wazazi huniuliza mtoto afunzweje kushika dini yake bila kudharau imani ya wenzake. Mwulizeni mwalimu yule. Mimi, ile marahaba ilipomalizika, nilikwisha fika barabarani.